Sekunde Ishirini Darajani

Masomo: Ezekieli 47:1–12, Yohana 21:1–14

Kwa miaka minne mfululizo kalenda ya kanisa letu imekuwa na ziwa la Uswisi. Unalijua ziwa hilo hata kama hujawahi kufika kwetu Kangemi: maji ya samawati, mlima wenye theluji kichwani, mashua ya mbao isiyo na mtu, na chini yake Zaburi ya 23 kwa herufi za dhahabu. Mwenye duka la kuchapa huwa na picha hiyo tayari kwenye kompyuta. Unaonyesha kwa kidole, unalipa nusu, na katikati ya Desemba unabeba kalenda zako kwenye boksi.

Mwaka huu kamati ilipofika kwenye kalenda, ajenda ya saba, baada ya mabati ya choo na kabla ya mengineyo, mama mmoja aliyekuwa amenyamaza tangu sala ya kufungua akauliza, "Kwani Pasta, hayo maji matulivu ni lazima yatoke Ulaya? Sisi huku hatuna maji?"

"Tuna mto," mzee mmoja akamjibu, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Nilicheka nao. Mto wenyewe tunaujua. Unapita bondeni kati yetu na Kawangware, na wakati wa kiangazi unaunusa kabla hujauona. Lakini usiku ule usingizi ulinipaa. Daudi alipoimba habari za mchungaji wake alikuwa na mabonde ya kwao machoni, yenye mawe, jua na fisi. Hakuazima bonde la mtu. Mimi nimeihubiri zaburi hiyo mwaka baada ya mwaka chini ya picha ya mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu atakayewahi kulisha mbuzi.

Jumapili iliyofuata nikamwita kijana wa kwaya ambaye Jumamosi hupiga picha za harusi, na siku nyingine huingoja Jumamosi. Nikamwambia nataka picha ya Mto Nairobi, ya kutundikwa ukutani mwaka mzima. Akanitazama kwa heshima, yaani kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi iwe usiku, Pasta. Mchana utatuaibisha."

Watu wa Pwani hawana shida hii. Ukitaka picha ya Lamu usiku unasimama tu gatini, na mji wote umekuelekea, taa zake zikicheza majini katikati ya majahazi. Unguja, jua likizama, kila mtu yuko Forodhani: wavulana wanajirusha baharini, moshi wa mishikaki unapanda, na Ngome Kongwe iko nyuma yao kama babu aliyeketi barazani. Mombasa wana bandari yao ya kale na Fort Jesus iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Miji ile ililetwa na maji, na mpaka leo nyumba zake zinayatazama maji.

Na sisi? Sisi pia tuliletwa na maji, ila tumesahau. Wamaasai waliokuwa wakinywesha ng'ombe wao hapa waliyaita Enkare Nairobi, maji ya baridi. Reli kutoka Mombasa ilipofika hapa mwaka 1899, ikiwa imekwisha kula maili 327, wajenzi walitua mizigo kwa sababu palikuwa na maji na uwanda wa kupumulia kabla ya kuukabili ukuta wa Bonde la Ufa. Hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904, haiko mbali na mto huo. Hata hivyo, simama leo katikati ya jiji umuulize mtu mto uko wapi. Atafikiri kidogo, halafu atakuonyesha upande wa Globe kwa kidevu, kama anayeonyesha nyumba ya jamaa aliyegombana naye. Mji uliopewa jina na mto umeupa mto kisogo. Majengo mengi ya kandokando yameugeuzia jikoni na mabomba.

Niwe mwadilifu lakini. Kuna waliojaribu. John Michuki, yule waziri ambaye wengi wetu tunamkumbuka kwa mikanda ya matatu ya mwaka 2004, alipopewa Wizara ya Mazingira mwaka 2008 aliukazia macho ukingo wa mto kati ya Museum Hill na Globe, uliokuwa umejaa gereji na takataka, ukasafishwa ukapandwa miti. Alifariki Februari 2012, na bustani ya pale ina jina lake. Ni kipande kidogo cha mto, lakini ndipo mahali pekee katikati ya jiji ambapo nimemwona mtu akikaa kando ya Mto Nairobi kwa kupenda.

Tulishuka matatu Museum Hill saa kumi na mbili na robo, mimi, kijana wa kwaya na binamu yake, ambaye alikuja kwa kazi moja tu: kutazama migongo yetu. Mlinzi wa jengo moja alitusimamisha akitaka kibali cha kupiga picha. Tulimweleza kwamba hatupigi jengo, tunapiga mto. Akatutazama mmoja mmoja. "Mto gani?" Tulipomwonyesha, akatuachia bila neno jingine, nadhani kwa huruma.

Tuliteremka hadi kwenye daraja moja karibu na Globe. Kijana alikuwa na haraka. Alinieleza kwamba huko Ulaya wapiga picha hupewa saa nzima ya kigizagiza, lakini hapa kwetu karibu na ikweta jua halizami, linaanguka. Una dakika ishirini hivi ambamo anga lina rangi ya wino wa samawati, taa zimekwisha kuwaka, na giza bado halijafunga mlango. Nikamwambia kwamba katika hesabu ya wazee wa Pwani ndiyo kwanza siku ilikuwa inaanza. Kwa Mswahili wa zamani siku hufunguliwa na magharibi. Akikwambia usiku wa Jumapili, ana maana ya usiku ule ambao wewe unauita wa Jumamosi. Na Mwanzo sura ya kwanza inahesabu vivyo hivyo, jioni mbele, asubuhi nyuma. Kijana aliitikia "Amina" huku akifungua miguu ya stendi ya kamera. Hakuwa akinisikiliza.

Nilimtazama akifanya kazi, na nakiri niliona wivu kidogo, kwa sababu sijawahi kuandaa mahubiri kwa uangalifu wa namna ile. Alichagua mahali, akapahama, akarudi. Alitundika mkoba wake wenye betri na chupa ya maji chini ya stendi ili uzito uikandamize, maana daraja lile linahema kila lori linapopita. Aligusa lenzi kwa kitambaa. Akaweka ISO 100, tundu dogo la f/11, na shata ikae wazi sekunde ishirini. Kisha, badala ya kubonyeza na kuanza, aliiambia kamera ingoje sekunde mbili baada ya kidole kuondoka.

"Kwa nini?"

"Mkono hutetemeka, Pasta."

"Hata wa mwenye imani?"

"Huo ndio zaidi."

Akabonyeza, akarudi nyuma, tukanyamaza sote watatu. Sekunde ishirini ni ndefu ukiwa huna la kufanya. Nilihesabu matatu tano. Wanawake wawili walipita na mizigo ya mitumba kichwani, wakielekea stendi. Mkokoteni ukapita, mwenye mkokoteni akipiga mluzi ili tumpishe. Bodaboda. Wanafunzi. Mtu aliyekuwa akizungumza kwa simu habari za shamba. Juu yetu, upande wa Museum Hill, barabara ya juu ya Expressway iliyofunguliwa mwaka 2022 ilikuwa ikimimina magari kuelekea Westlands. Na chini yetu mto: mweusi, na povu, na chupa za plastiki zikishuka moja moja kama waumini wanaochelewa ibada.

Picha ikatokea kwenye kioo kidogo nyuma ya kamera, na sikuamini.

Maji yalikuwa hariri. Hapakuwa na chupa hata moja, wala povu. Palikuwa na kitambaa cha kijivu kilicholala kati ya kingo mbili, na juu yake taa za maghorofa zimeteremka kama nguzo za dhahabu. Kila taa ya barabara ilikuwa nyota yenye miali. Magari ya Expressway yalikuwa nyuzi mbili, nyekundu inayokwenda na nyeupe inayokuja. Na watu hawakuwapo. Wale wote niliowahesabu, mama wa mitumba, mwenye mkokoteni, wanafunzi: hakuna. Daraja lilikuwa tupu kana kwamba kumetangazwa kafyu.

"Wameenda wapi?" nikauliza.

"Walikuwa wakitembea. Anayetembea hashikiki. Hii inashika aliyetulia."

Jambo hili lina umri sawa na upigaji picha wenyewe. Mwaka 1838, mjini Paris, Louis Daguerre aliielekeza kamera yake dirishani kwenye barabara iliyoitwa Boulevard du Temple. Siku zile picha ilihitaji dakika kadhaa ili ishike. Barabara ile ilikuwa na pilikapilika, magari ya farasi na wapita njia, lakini katika picha yake ni kama mji uliohamwa. Wote walifutwa na mwendo wao, isipokuwa mtu mmoja kwenye kona, mguu wake umeinuliwa, akisafishiwa viatu, na mbele yake kivuli cha msafishaji. Wanahistoria wengi huwataja wawili hao kama binadamu wa kwanza wanaoonekana wazi katika picha. Hatujui majina yao. Mabwana waliopita na magari yao ya farasi hawamo. Aliyemo ni mtu na fundi wake wa viatu, kwa sababu kazi ile iliwataka watulie mahali pamoja.

Nilikuwa bado nawaza hayo kijana alipoivuta picha kwa vidole kuikuza. "Pasta, tazama huku chini."

Kwenye ukingo wa kushoto, chini ya mti, palikuwa na doa la rangi ya chungwa. Moto. Na kando ya moto mtu ameketi, magoti yamepanda kifuani, mikono imenyooshewa makaa, gunia limeegemea mti. Uso haukuonekana vizuri, lakini umbo lilikuwa wazi kabisa, kingo zake kali kuliko kitu chochote katika picha ile. Kwa sekunde ishirini nzima hakuwa amejitikisa. Nilikuwa nimetazama upande ule kwa macho yangu mawili yenye miwani na sikumwona.

Tulishuka. Binamu hakupendezwa na wazo hilo, akasema kazi yake ilikuwa ya daraja tu. Yule mtu alitusikia mapema, akageuka bila kuinuka.

"Habari ya jioni, mzee wangu."

"Njema. Nyinyi ni wa kanjo?"

"Hapana. Wa kanisa."

"Hao nao huja," akasema, akatusogezea jiwe la kukalia.

Huokota chupa. Mto humletea, yeye huzipanga kwenye gunia na kuziuza kwa kilo. Alituambia kwamba mto una saa zake: mvua ikinyesha juu, upande wetu wa Kangemi na Dagoretti, yeye huijua hapa kabla ya redio, kwa sababu ya vitu vinavyoshuka. Kuna usiku ambao maji hubadilika rangi na kunuka dawa, maana kuna mtu mahali fulani anayengoja giza ili afungue bomba. Kijana akamwonyesha picha. Mzee aliishika kamera kwa mikono miwili, kwa uangalifu zaidi kuliko ninavyoishika mimi, akatazama muda mrefu. Nilingoja aseme neno juu ya mto ulivyogeuka hariri, au juu yake mwenyewe.

"Moto umetoka vizuri," akasema. Halafu, "Mniletee moja."

Nikaahidi.

Kwenye matatu ya kurudi nilimwambia kijana kwamba picha yake ni ya uongo. Maji yale hayakuwa matulivu, na harufu yake bado ilikuwa kwenye koti langu. Hakukasirika. Akanieleza kwamba kamera haikuongeza wala kupunguza kitu. Jicho langu huona sasa hivi, na sasa hivi nyingine, na nyingine, ila kamera ilizijumlisha sasa hivi zote za sekunde ishirini zikawa moja. Chupa zilifutika kwa sababu zilikuwa safarini. "Lakini hujaona mfuko?" akauliza. Kweli, karibu na jiwe moja katikati ya mto palikuwa na mfuko wa plastiki wa buluu, umenasa, unaonekana mpaka mikunjo yake, miaka kadhaa baada ya mifuko hiyo kupigwa marufuku nchini Agosti 2017. Kilichonasa kimeonekana. Nikasema afadhali.

Nikaenda nyumbani nikafungua Yohana 21.

Ni habari ya ufuoni usiku. Wanafunzi saba wamerudi kwenye Ziwa la Tiberia, kazi yao ya zamani, na usiku kucha hawapati kitu. Kunapopambazuka kuna mtu amesimama ufuoni. Wao wamekuwa wakienda huku na huku na nyavu, yeye amesimama. Hawamtambui. Wako umbali wa kama dhiraa mia mbili, ambao si mkubwa, mtu anaweza kuita na kusikika. Nimeusoma mlango huu mara nyingi, na kila mara huwa nakimbilia wale samaki mia na hamsini na watatu, kwa sababu waumini hupenda hesabu. Safari hii nilikwama kwenye makaa. Wanapofika nchi kavu, moto wa makaa umekwisha kuwashwa, samaki yuko juu yake, na mkate upo. Yohana ametaja moto wa makaa mara mbili tu. Mara ya kwanza ni katika sura ya 18, uani kwa kuhani mkuu, usiku wa baridi, na Petro ameusogelea akiota moto pamoja na watumishi. Kwenye makaa yale ndiko alikosema hamjui huyo mtu.

Mtu aliyemkana rafiki yake kando ya makaa hawezi tena kunusa makaa bila kukumbuka. Yesu anajua, na anawasha makaa. Sijui kama wewe ungefanya hivyo. Mimi ningeitisha kikao. Ningeanza na ajenda ya Petro, ningemtaka aeleze mbele ya wenzake, na baada ya hapo, kama roho zimetulia, tungekunywa chai. Bwana anaanza na chakula. Yale maswali matatu juu ya kumpenda yanakuja baada ya kula, matumbo yakiwa na joto.

Hapa Nairobi tuna taa ndefu, zile nguzo zinazosimamishwa katika mitaa yetu ya watu wengi ili kupambana na giza. Wananchi wameziita mulika mwizi. Zimesaidia, sitaki kuzikebehi. Akina mama wa mboga wa stendi yetu sasa hufunga saa tatu badala ya saa moja. Lakini sikiliza jina. Taa ile inapowaka imekwisha kudhani kwamba kuna mwizi, na kila anayepita chini yake kwa dakika moja ni mtuhumiwa. Nahofia kwamba mahubiri yangu mengi yamekuwa mulika mwizi. Nimesimama juu kwenye nguzo yangu nikiangaza kwa ukali, watu wakapita haraka wakiwa wameinamisha nyuso, na mimi nikadhani nimewaona.

Moto wa makaa haufiki mbali. Ukitaka kumwona mtu kwa mwanga wake inabidi ukae naye.

Jumatatu, siku yangu ya mapumziko, nilipanda gari hadi Kikuyu kuuona mto unakozaliwa, kwenye kinamasi cha Ondiri. Nenda, kama hujawahi. Ardhi ya pale huelea. Ukikanyaga mahali panaporuhusu, inacheza chini ya mguu kama godoro, kwa sababu chini ya majani na mizizi iliyoshikana kuna maji. Mafunjo yamesimama, ndege wanaitana, na maji yanayotoka ni safi kiasi kwamba nilijikuta nimechuchumaa kuyagusa. Ni baridi. Wamaasai hawakukosea.

Nilikuwa na Ezekieli 47 mfukoni, na pale ndipo iliponichoma. Mto wa Ezekieli unaanza kidogo tu, unachuruzika chini ya kizingiti cha hekalu. Dhiraa elfu, maji ya kifundo cha mguu, elfu nyingine, ya magoti, elfu nyingine, ya kiuno, kisha hauvukiki. Na kadiri unavyokwenda ndivyo unavyoponya: miti kandokando, wavuvi wakianika nyavu kutoka En-gedi hadi En-eglaimu, hata bahari ya chumvi inapata samaki. Wetu umegeuzwa. Unaanza mzima, na kila kilomita unapokea ugonjwa: Dagoretti na machinjio, Kawangware na sisi Kangemi na mitaro yetu, kisha nyuma ya bustani nzuri za Riverside ambako harufu haiheshimu ukuta, Chiromo, Globe, Gikomba, Dandora. Ukitoka hapo unaingia Athi, na Athi inakuwa Galana, na Galana inakuwa Sabaki, inayomwaga baharini kaskazini ya Malindi. Watu wa Malindi wanazijua mvua zetu kwa rangi ya bahari yao. Kwa hiyo, mama yangu wa kamati, tuna pwani. Iko mbali tu, na barua tunazoipelekea hazisomeki.

Tena Ezekieli ana mstari wa kumi na moja, ambao wahubiri tunauruka: mabwawa na matope ya kando hayataponywa, yataachwa kuwa chumvi. Nimekuwa nikiuona kama doa katika maono mazuri. Sasa sina hakika. Huenda nabii alikuwa na ukweli wa mtu aliyewahi kusimama kandokando ya mto halisi. Aprili 2024 mto wetu ulipopanda na kuingia vyumbani, familia tatu za kanisa letu zililala wiki mbili katika chumba cha shule ya Jumapili. Moja ilirudi bondeni. Nilimuuliza baba wa nyumba kwa nini, akanijibu kwa upole kwamba kodi ya juu haijashuka na maji ya chini yameshuka. Hapo sikuwa na mahubiri.

Kamati imekutana tena. Picha ilipitishwa mkono kwa mkono, imechapwa ukubwa wa daftari. Wengi waliipenda. Mmoja aliuliza kama ni Dubai. Yule mzee aliyesema tuna mto aliiweka mezani, akavua miwani, akavaa tena, akasema kwamba ni picha nzuri kweli, ila kalenda hukaa ukutani mwaka mzima, na mtu aliyetoka kazini amechoka anataka kuinua macho apate kupumzika. Si angeweza kufutwa huyo wa kwenye kona, na ule mfuko wa plastiki? Kijana wa kwaya akasema ni kazi ya dakika moja. Sikupenda jibu hilo, lakini sikuweza kumdharau mzee. Ana miaka sabini na moja, ameuona mto huu ukiwa na vyura na wavulana wa kuogelea, na uchovu anaousema ni wake.

Mama wa swali la kwanza alikuwa ameikaribisha picha usoni. "Huyu ameota moto," akasema. "Nani amempikia?"

Tuliahirisha. Ajenda inarudi Alhamisi ijayo.

Mimi nilichapisha nakala moja ndogo, shilingi hamsini, nikarudi darajani Jumatano jioni. Hakuwapo. Majivu yalikuwa yamelowa, na jiwe nililokalia lilikuwa limesogezwa. Nilirudi tena juzi. Vijana wawili waliokuwa wakipanga chupa mahali pale waliniambia kwamba mzee amehamia chini, upande wa Gikomba, au ameenda nyumbani ushago, mmoja akisema hili na mwingine lile. Nikawauliza jina lake. Wakatazamana.

Picha iko kwenye mfuko wa koti langu la mvua, ndani ya karatasi ya nailoni. Siku hizi nikishuka Museum Hill hupitia daraja lile, ingawa si njia yangu.